Uzi: Binti wa Marie Antoinette na sanduku la vito lililomtangulia Vienna

Fundi Sonara (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, kwa sababu nauandika nikiwa dukani, kati ya mteja na mteja. Wenye haraka wapite, wenye nafasi tukunje miguu tukae.

Mimi ni sonara, kazi niliyoirithi kwa baba. Wiki mbili zilizopita aliingia bibi mmoja mtu mzima, akatoa leso kwenye mkoba, leso imefungwa fundo mbili. Ndani mna vikuku viwili vya fedha vya marehemu mama yake, kimoja kifungo kimekatika. Kwa mazoea ya kazi nikaviweka kwenye mizani, nikamtajia bei ya fedha kwa gramu. Bibi akanyoosha mkono, akavitoa mizanini mwenyewe, akaniambia, "Mwanangu, nimekuja kutengenezewa kifungo. Bei sikukuuliza."

Nilimwomba radhi. Lakini maneno yale hayakunitoka, na yakanirudisha kwa mwanamke ambaye nimekuwa nikimsoma kwa miaka mingi: Marie-Thérèse Charlotte wa Ufaransa, mtoto wa kwanza wa Mfalme Louis XVI na Malkia Marie Antoinette. Mama yake kila mtu anamjua, hata asiyejua Ufaransa iko wapi. Binti hatajwi sana. Naye ndiye peke yake aliyetoka hai gerezani katika familia ile, akaishi mpaka 1851, na katika maisha yake yote vito vilimjia, vikamtoka, vikamrudia. Ukitazama kipi alikiuza, kipi alikirudisha na kipi hakukiachia kamwe, unamjua vizuri kuliko ukisoma hotuba za wakati wake.

Tuanze na bangili, kwa kuwa zimemzidi umri.

Mwaka 1776 Marie Antoinette alikuwa malkia wa miaka 20. Akaagiza kwa sonara wa Paris, Charles Boehmer, jozi ya bangili za almasi kwa livre 250,000 (livre ni fedha ya Ufaransa ya wakati ule). Ilikuwa fedha nyingi mno. Sehemu alilipa kwa kutoa vito vyake vingine, sehemu akapewa na mumewe. Habari zikaruka hadi Vienna kwa mama yake, Maria Theresa, aliyekuwa akitawala dola ya Austria. Naye akamwandikia barua ya kumkaripia kwa ununuzi ule. Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Desemba 1778, pale Versailles akazaliwa mtoto wa kike, na akapewa jina la bibi huyo huyo aliyezikaripia bangili.

Niwaeleze jinsi zilivyotengenezwa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kila bangili ni nyuzi tatu za almasi ndogo, kila almasi imekaa kwenye kijikombe chake, kikombe kimeshikana na kikombe. Nyuzi hizo tatu zinakutana kwenye kifungo kipana chenye almasi kubwa. Kazi ya namna hiyo haikai ngumu mkononi kama pingu, inalala juu ya ngozi kama kitambaa. Na fundi aliziwekea njia ya kuungana: ukizifunga moja kwa nyingine, unapata kidani cha shingoni.

Kuna mteja kaingia. Narudi.

Lulu ya Pwani

Fundi, jamvi limetandikwa. Hizo bangili ndizo zile za kashfa ya mkufu? Maana tulisoma kuwa mkufu wa almasi ndio uliomharibia malkia jina.

Fundi Sonara (mleta uzi)

Hapana dada, ingawa fundi ni yule yule. Boehmer na mwenzake Bassenge walitengeneza mkufu mkubwa wa almasi 647, na malkia akakataa kuununua. Mwaka 1785 matapeli walimhadaa Kardinali Rohan, akaamini anamnunulia malkia kwa siri. Mkufu ukachomolewa jiwe moja moja na kuuzwa London. Malkia hakuugusa, lakini watu hawakumsadiki, na sababu mojawapo ni kwamba kwa bangili za 1776 walikuwa wameshamjua kuwa mnunuzi. Wakati wa kashfa ile Marie-Thérèse alikuwa na miaka 6.

Naendelea.

Oktoba 1789, miezi michache baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuanza, familia ilitolewa Versailles ikaletwa Paris, katika kasri la Tuileries, chini ya ulinzi. Mwaka 1791 malkia alikuwa anapanga kutoroka. Kabla ya safari alijifungia jioni nzima na mtumishi wake, Madame Campan, wakawa wanaviringisha almasi, yakuti na lulu katika pamba, kipande kwa kipande, na kuvipanga ndani ya sanduku la mbao. Anayefanya kazi yangu anaijua jioni ya namna hiyo. Pamba huzuia jiwe lisikwaruze jiwe, maana almasi hukata kila inachokigusa, na lulu ni laini, huumia kwa kidogo tu. Malkia aliyevalishwa na watu tangu utoto alikaa akifunga mizigo kwa mkono wake.

Sanduku likapelekwa Brussels kwa Count Mercy-Argenteau, aliyekuwa balozi wa Austria Paris na mtu wa kuaminiwa na malkia, ili liishie Vienna. Sanduku lilifika. Wenyewe hawakufika. Usiku wa tarehe 20 Juni 1791 mfalme, malkia, dada wa mfalme na watoto wawili walipanda gari la farasi. Mtoto wa kiume alivalishwa kama msichana. Mkuu wa kituo cha farasi aitwaye Drouet akamtambua mfalme, na walipofika Varennes wakazuiwa na kurudishwa Paris. Shikeni jina hilo la Drouet, tutakutana nalo tena.

Tarehe 13 Agosti 1792 wakafungwa katika mnara wa Temple. Marie-Thérèse ana miaka 13. Mwezi uliofuata wezi waliingia ghala la hazina ya taji lililokuwa katikati ya Paris, usiku baada ya usiku, wakabeba vito vya wafalme wa Ufaransa. Almasi ya buluu ya Louis XIV haikuonekana tena kwa umbo lake. Kwa hiyo vito vya dola viliibwa ndani ya mji wenye walinzi, na vito vya mama vilivyofungwa pamba vikasalimika ugenini.

Januari 1793 baba yake akauawa. Aprili mwaka ule walinzi wakaja usiku kupekua chumba, na binti mwenyewe aliandika baadaye walichokichukua: kwa mama yake karatasi yenye anwani ya duka, kwa shangazi yake kipande cha nta ya kufungia barua, kwake yeye picha ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na sala ya kuiombea Ufaransa. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Mwanamke aliyewahi kuvaa livre 250,000 mikononi, amebakiwa na anwani ya duka.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1793 walimchukua mama kumpeleka gereza la Conciergerie. Akitoka akagonga kichwa kwenye mlango mfupi. Wakamuuliza kama ameumia, akajibu kuwa sasa hakuna kitu kinachoweza kumuumiza tena. Binti hakumwona tena. Mama alikwenda na saa yake ya dhahabu aliyotoka nayo Vienna akiwa msichana, akaitundika kwenye msumari wa chumba, nayo wakaichukua. Tarehe 16 Oktoba akauawa. Mei 1794 shangazi. Juni 1795 mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka 10, akafia ghorofa ya pili ya mnara huo huo.

Na yeye hakuambiwa. Kwa miezi mingi alikaa peke yake, akakwaruza ukutani kwamba yeye ni mtu mwenye huzuni kuliko wote duniani, kwamba hapati habari za mama yake ingawa ameomba mara elfu. Akaandika pia: aishi mama yangu mwema. Wakati huo mama yake alishazikwa. Ukweli alielezwa mwaka 1795, kwa mkupuo mmoja.

Mama Kidani

Fundi, nimesoma kipande hiki nikasimama. Mtoto anaandika "aishi mama yangu" na mama hayupo. Tafadhali usikatishe.

Mbeba Mkaa

Namhurumia mtoto, hana kosa. Lakini tusisahau wenzetu. Livre 250,000 kwa bangili, na watu wa Paris mwaka 1789 wanaandamana kutafuta mkate. Vito hivyo ni jasho la watu. Mimi naona walichofanyiwa wazazi wake kilikuwa na sababu yake.

Fundi Sonara (mleta uzi)

Kaka, hoja yako naipokea yote. Hata bibi wa mtoto, Maria Theresa, aliona ni aibu, na yeye alikuwa mtawala hasa. Sitetei bei ile. Ninachofuata ni kitu kingine: namna kitu kile kile kinavyobadilika maana kikipita mkono hadi mkono. Mwaka 1776 bangili zile zilikuwa israfu. Mwaka 1796 zilikuwa kitu kilichoguswa na mama kwa mara ya mwisho kabla ya pamba kufungwa. Na almasi ni zile zile.

Sasa nisikilizeni hapa. Serikali ya Ufaransa ikakubaliana na Austria kumbadilisha binti kwa wafungwa wa Kifaransa. Alitolewa Temple usiku wa tarehe 18 Desemba 1795, saa chache kabla ya kutimiza miaka 17. Mabadilishano yalifanyika karibu na Basel. Serikali ilikuwa imemwandalia masanduku ya nguo mpya za kifahari ili asifike Vienna kama mfungwa. Akayakataa. Na miongoni mwa wafungwa waliorudishwa Ufaransa kwa malipo yake yeye, alikuwamo Drouet. Mtu aliyemtambua baba yake njiani ndiye aliyekuwa sehemu ya bei ya kumkomboa.

Tarehe 9 Januari 1796 akafika Vienna, na sanduku lilikuwa linamngoja. Miaka miwili nyuma, baada ya kuuawa kwa malkia, Kaizari Franz aliamuru lifunguliwe na kila kitu kiandikwe. Katika orodha ile, namba 6 ni jozi ya bangili. Sanduku akakabidhiwa yeye, mrithi pekee aliyebaki. Alikataa masanduku ya nguo za serikali Basel, akapokea sanduku la mbao Vienna.

Kijana wa Mwadui

Mzee Fundi, swali langu ni la nyumbani. Mimi nimezaliwa Shinyanga, jirani na mgodi. Almasi hizo za wafalme wa Ufaransa zilitoka kwetu Afrika?

Fundi Sonara (mleta uzi)

Hapana mwanangu, si kwa wakati ule. Almasi za Afrika Kusini zilianza kupatikana 1867, na Mwadui kwenu mwanajiolojia Williamson aliipata 1940. Bangili zilipotengenezwa, dunia ilipata almasi kutoka India kwa karne nyingi, na Brazil tangu karne ya 18. Ndiyo maana zamani zilikuwa adimu kiasi kile. Marie-Thérèse alikufa miaka 16 kabla ya almasi ya kwanza ya Afrika Kusini kuokotwa.

Tuendelee na ndoa. Mwaka 1799 aliolewa na binamu yake, Louis-Antoine, Mtawala wa Angoulême, mtoto wa ndugu wa baba yake. Arusi ilifungwa Mitau, mji ambao leo unaitwa Jelgava nchini Latvia, kwa sababu ami yao, aliyejiita Louis XVIII, alikuwa mkimbizi aliyehifadhiwa na Tsar Paul wa Urusi. Tsar akampa bibi arusi mkufu wa almasi.

Januari 1801 Tsar akabadilika, akawataka waondoke. Mnaijua Januari ya kule, theluji na upepo. Wakimbizi wale hawakuwa na fedha hata ya njia, ikabidi wauze vyombo. Na Marie-Thérèse akautoa ule mkufu wa arusi aliopewa na Tsar, ukauzwa, watu wake wakapata kusafiri.

Wakuu, tulieni hapa kidogo. Mwanamke yuko njiani ndani ya theluji, hana kwao, anao mkufu wa almasi wa Tsar na anazo bangili za almasi za mama. Mkufu ameuza. Bangili hakuuza. Mnunuzi asingejali zimetoka kwa nani, angetazama jiwe na uzito tu, kama nilivyofanya mimi siku ile na vikuku vya fedha vya yule bibi.

Mwalimu wa Historia

Ndugu Fundi, uzi mzuri. Naomba niongeze kitu ambacho wengi hawakijui, kinahusu barua.

Alfajiri ya siku aliyouawa, kabla ya saa kumi na moja, Marie Antoinette alimwandikia wifi yake Élisabeth, yule shangazi wa Temple, barua ndefu ya kuaga, ndani yake kuna maneno kwa watoto. Barua haikufika. Ilipita mikononi mwa wanamapinduzi, ikaishia katika karatasi za mmoja wao, Courtois, na ikaibuka mwaka 1816. Ndipo binti akaisoma, akiwa na miaka 37. Maneno ya mama yalichukua zaidi ya miaka 22 kumfikia.

Ila nikukosoe kidogo. Usimfanye malaika. Walioishi naye walimwona mkavu, sauti ya kukwaruza, uso usiochangamka. Hakusahau wala hakuficha kuwa hasahau.

Fundi Sonara (mleta uzi)

Mwalimu, ahsante sana, na ukosoaji nimeupokea. Ile sauti watu wa zama zake waliihusisha na upweke wa Temple, mtoto aliyekaa miezi bila mtu wa kusema naye. Lakini kweli, hakuwa mwepesi.

Na umenifungulia jambo. Mwaka huo huo wa 1816 mchoraji Antoine-Jean Gros alimchora akiwa katika mavazi rasmi, na bangili za mama ziko mikononi. Sikuwahi kuviweka pamoja, barua na picha, mpaka uliposema. Mwaka uliomletea maneno ya mama ndio mwaka aliosimama mbele ya mchoraji na bangili zake.

Wakati huo familia ilikuwa imesharudi Paris, baada ya Napoleon kuanguka 1814. Napoleon aliporudi 1815 kwa zile siku 100, Marie-Thérèse alikuwa Bordeaux, akapita kambini mwenyewe kuwasihi askari wasimame na mfalme. Hawakukubali, akalazimika kupanda meli. Lakini Napoleon alisema Marie-Thérèse ndiye mwanaume pekee katika ukoo wao.

Sasa kuna kito kingine, cha aina nyingine kabisa. Mwaka 1819 hadi 1820 masonara wa mfalme, ukoo wa Bapst, walimtengenezea taji la zumaridi: zumaridi 40 na almasi 1,031, majani ya almasi yakijikunja kushoto na kulia kutoka katikati, pande zote mbili zikilingana kama kioo na kivuli chake. Kama fundi nakiri ni moja ya kazi safi kabisa za karne ile. Kupata zumaridi 40 zenye rangi inayooana ni mtihani wa miaka. Februari 1820, wakati kazi ikiwa mkononi mwa mafundi, shemeji yake, Mtawala wa Berry, akachomwa kisu nje ya jumba la opera la Paris, akafa. Nyumba ile haikukaa na furaha muda mrefu.

Lakini taji lile halikuwa lake. Lilikuwa la hazina ya taji, yaani mali ya dola. Alilivaa kwa dhamana.

Julai 1830 Paris ikawaka tena. Baba mkwe wake, Charles X, akajiuzulu tarehe 2 Agosti, na inasimuliwa kuwa mumewe alikuwa mfalme kwa dakika 20 hivi kabla naye hajasaini karatasi ya kujiuzulu. Kwa hesabu hiyo Marie-Thérèse alikuwa Malkia wa Ufaransa kwa dakika 20. Vito vya hazina vikarudishwa Paris, taji la zumaridi likiwamo. Yeye akaondoka na vya mama.

Lulu ya Pwani

Yaani walikuwa wanafukuzwa na bado wakarudisha? Hebu fikiria wangapi wangeficha hata kipande.

Fundi Sonara (mleta uzi)

Ndiyo dada. Na taji halikuisha hapo. Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, alilipenda na kulivaa. Mwaka 1887 serikali ya jamhuri ikaamua kuuza vito vya taji kwa mnada, ili asitokee mtu wa kudai ufalme akiwa na taji la kuvaa. Tiffany wa New York alinunua sehemu kubwa. Vito vingi vilivunjwa. Hili la zumaridi likanusurika likiwa zima, likakaa Uingereza, watu wakawa wanaliona kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London, hadi makumbusho ya Louvre ya Paris yalipolinunua 2002. Sonara yeyote anajua bahati ilivyo kubwa hapo, maana kwa mfanyabiashara taji ni mawe yaliyopangwa tu, na yakipanguliwa huuzika haraka.

Dada wa Ughaibuni

Mimi niko Paris, nasoma uzi huu nikiwa kwenye treni. Nyote mmesikia wizi wa Louvre. Ilikuwa Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, asubuhi, wezi walipanda kwa lifti ya kuhamishia samani hadi dirisha la Ukumbi wa Apollo, dakika chache wakatoka na vito vinane, thamani iliyotajwa ni euro milioni 88. Niliona foleni ya watalii wakizuiwa getini siku ile. Je, vya huyu mama vilikuwamo?

Fundi Sonara (mleta uzi)

Dada, taji lake halimo katika vile vinane. Vilivyochukuliwa ni vya Marie-Louise mke wa pili wa Napoleon, vya Eugénie, na seti ya yakuti samawi iliyovaliwa na Malkia Marie-Amélie. Huyu wa mwisho ni ndugu yake wa karibu: mama yake Marie-Amélie na Marie Antoinette walikuwa dada wa tumbo moja. Na mumewe Marie-Amélie, Louis-Philippe, ndiye aliyechukua kiti mwaka 1830 walipofukuzwa. Binti wa dada mmoja akaondoka, binti wa dada mwingine akawa malkia.

Na tazama tarehe uliyoitaja. Marie-Thérèse alifariki tarehe 19 Oktoba 1851. Sisemi kuna siri yoyote, ila mimi niliposikia tarehe ya wizi nilisimama.

Namalizia safari yake. Waliishi Edinburgh, kisha Prague, kisha Gorizia, ambako Charles X alikufa kwa kipindupindu 1836. Mume alikufa 1844. Hawakuzaa. Aliwalea watoto wa yule shemeji aliyechomwa kisu, Henri, Count wa Chambord, na dada yake Louise. Miaka ya mwisho alikaa kasri la Frohsdorf, Austria, na kila tarehe 21 Januari na 16 Oktoba alijifungia kuwaombea wazazi. Mwaka 1851 aliiadhimisha tarehe 16 akiwa mgonjwa, siku tatu baadaye akafa. Amezikwa katika monasteri ya Kostanjevica, mji wa Nova Gorica, Slovenia, pamoja na mumewe na Charles X.

Vito vya mama akawaachia Henri, mkewe Henri, na Louise ambaye alikuwa ameolewa na mtawala wa Parma. Kwa njia ya Louise vikaingia ukoo wa Bourbon-Parma na kukaa humo kimya zaidi ya karne moja. Novemba 2018 baadhi vilitokea mnadani Geneva, kwa Sotheby's. Kulikuwa na lulu moja ya kuning'inia juu ya fundo la almasi, waliyoikadiria dola milioni 1 hadi 2. Ikauzwa dola milioni 36. Kulikuwa pia na pete yenye herufi za jina la malkia, na ndani yake nywele zake. Ningepewa kuchagua, mimi ningechukua pete.

Mama Kidani

Na bangili, fundi? Usituache na bangili.

Fundi Sonara (mleta uzi)

Zamu yake ilifika tarehe 9 Novemba 2021, Geneva pia, kwa Christie's. Zikauzwa dola milioni 8.2, mara mbili ya makadirio ya juu.

Lakini bei siyo niliyoitafuta. Nilitafuta hesabu ya mawe. Orodha ya 1794, ile namba 6, inataja almasi 96 zilizokaa kwenye vikombe, mbali na zile za vifungo. Maelezo ya mnada wa 2021 yanasema jumla ni almasi 112. Nilichukua karatasi nikatoa: zinabaki 16 za vifungo viwili, nane kila upande. Waliofananisha orodha ile na bangili zenyewe wameridhika kuwa ndizo.

Fikirieni njia iliyopitiwa: Vienna, Mitau, theluji ya 1801, Paris, Bordeaux, Edinburgh, Prague, Gorizia, Frohsdorf. Ukiwa na bangili ya vikombe vilivyoungana, kung'oa jiwe moja la kuuza ni kazi ya nusu saa, na mtu hatagundua akivaa mikono mirefu. Nimeshaletewa vidani vya namna hiyo mara nyingi, nyuzi tatu zimebaki mbili, na mwenyewe anakueleza kila jiwe lilikwenda wapi: hili ada ya mtoto, lile matibabu. Wala simlaumu mtu.

Yule bibi wa vikuku anakuja kesho kuvichukua. Kifungo nimekitengeneza kwa fedha ya zamani, rangi isitofautiane na ya mama yake.